Bomba Refu Kuliko la Clement

Mwezi wa sita mwaka jana, baridi ilipokaza, mke wangu alianza kwenda kuota moto kwa Clement.

Alikuwa akiondoka saa tisa alasiri na kikapu chake cha nyuzi, akirudi saa kumi na mbili uso umechangamka na vidole vimelainika. Yusta anafuma masweta ya shule, ya kijani, na vidole vyake vina baridi yabisi. Nyumbani vilikuwa vinakakamaa mpaka sindano zinamponyoka. Kwa Clement alikuwa anamaliza mkono mzima wa sweta kwa alasiri moja. Sababu ilikuwa nzuri kabisa, na hicho ndicho kilichoniudhi, maana sikuwa na pa kuishika.

Clement ni jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, hapa hapa Mafinga. Ni seremala, Mkinga wa Makete kwenye baridi kuliko hapa, mkewe alifariki miaka mitatu iliyopita. Ana meno yote. Mwezi wa saba, sisi wengine tumejizungushia mablanketi kama wagonjwa, yeye anapita na shati la mikono mifupi akipiga mluzi. Sebuleni kwake aliweka jiko la kuni la chuma, lenye mlango mbele na bomba la moshi linalopita darini na kutokea juu ya bati. Alilifunga mwenyewe. Kila siku, saa tisa kasoro robo, bomba lile lilianza kutoa moshi. Na mimi Didas, mwalimu mstaafu wa sayansi, miaka thelathini na mbili ya chaki, nilikuwa nyuma ya pazia nikiutazama.

Nisiseme uongo, nilikuwa na wivu. Si ule wa kununa siku moja ukapita. Ulikuwa unalala na mimi na kuamka na mimi. Yusta akicheka peke yake akiosha vyombo, nilijua ni jambo lililosemwa kule. Akisema, "Clement anasema mwaka huu baridi itakuwa ndefu," nilitamani jua liwake hapo hapo limuumbue.

"Kwani huwa mnaongea nini huko?" nilimuuliza siku moja.

"Mambo tu, Baba Jackline. Njoo na wewe, viti vipo."

"Mimi siwezi kwenda kujikunyata kwenye moto wa watu kama paka."

Akabeba kikapu chake, akaenda.

Jiko la mkaa ndani ya nyumba nililipiga marufuku mimi mwenyewe. Kila msimu wa baridi tunasikia watu wameingiza jiko la mkaa chumbani, wamefunga madirisha, na asubuhi hawakuamka. Nilikuwa nikiwafundisha watoto habari za gesi ile isiyo na rangi wala harufu, inayoingia kwenye damu kimya kimya. Kwa hiyo kwangu moto ulikuwa unabaki jiko la nje, na sebuleni tunaongea mvuke ukitutoka mdomoni.

Basi nikaamua. Nitaweka jiko la kuni, tena kubwa kuliko la Clement.

Clement alipokwenda Makete kwenye msiba alimwachia Yusta ufunguo, amwangalizie kuku. Niliuchukua siku Yusta alipokwenda sokoni, nikaingia sebuleni kwa mwenzangu nikalipima jiko lake kwa kamba, marefu na mapana. Mbele ya jiko kulikuwa na viti viwili. Kimoja kilikuwa na mto wa kukalia, umeshonwa vizuri, mpya. Ule mto sikuupima, lakini niliutazama muda mrefu kuliko jiko.

Kesho yake nilipanda basi mpaka Ipogolo, kwa Masumbuko, fundi wa kuchomelea niliyemfundisha akiwa mtoto. Nikampa kamba yangu yenye mafundo.

"Mwalimu, sebule yako ina ukubwa gani?" aliniuliza.

"Wewe tengeneza. Lizidi hapo shubiri moja kila upande. Na bomba liwe refu."

"Refu kiasi gani?"

"Lionekane kutoka barabarani."

Wiki iliyofuata lilikuwa tayari. Masumbuko akataka kuja kulifunga mwenyewe. "Lina mambo yake hili," akasema. "Dari ikatwe mbali na bomba, jiko lisikaribiane na pazia. Halafu hiki kibati cha ndani ya bomba," akazungusha mkono mdogo wa chuma uliotokeza ubavuni, "kinapunguza kasi ya moto tu. Usikifunge chote wakati kuna makaa ndani."

"Masumbuko, nani alikufundisha moto unahitaji nini ili uwake?"

Akacheka. "Wewe, Mwalimu."

"Basi."

Nilifunga jiko langu kwa siku mbili, ngazi na msumeno wa kuazima. Tundu la dari nililikata sawa sawa na bomba, lisiachie hata upenyo wa kidole, kwa sababu nilitaka pawe nadhifu kuliko kwa seremala. Nikaleta mabanzi ya paina kutoka kiwanda cha mbao, mkokoteni mzima, yametoka kupasuliwa wiki ile na bado yanatoa utomvu. Na matundu ya hewa juu ya madirisha, yale ambayo kila nyumba inayo, niliyaziba yote kwa matambara. Sikutaka joto langu litoke likampashe Clement.

Bomba liliposimama juu ya bati lilizidi la ng'ambo kwa futi tatu. Nikavuka barabara nikalitazama kutoka upande wake, nione anavyoliona. Clement akatoka na lile shati lake.

"Hongera, Mwalimu. Ila kuni zako naona bado mbichi. Nikuletee kuni za miwati kidogo? Ninayo imekauka mwaka mzima."

"Tunazo za kutosha," nikasema.

Jumapili tulipotoka kanisani niliwasha. Mabanzi yalifuka karibu saa nzima, Yusta akakohoa mpaka machozi, lakini mwishoni yakashika. Joto likajaa sebuleni. Yusta akavua koti, akavuta kiti, akachukua sweta lake na vidole vikaanza kwenda vyenyewe. Saa tisa ikapita, yupo. Nikasogeza pazia. Bomba la Clement lilikuwa linatoa moshi na hakuna aliyekwenda. Nilisikia raha ambayo sijaisikia tangu siku ya kustaafu.

Saa kumi ndimi za moto zilikuwa zimeshuka, yakabaki makaa mekundu. Mama yangu, kama mama wote wa Kihehe wa enzi zile, alikuwa anafukia makaa kwa majivu jioni, na asubuhi anayafukua yakiwa hai. Nikafikiri kibati cha Masumbuko ni kazi ileile, kuutunza moto. Kwa nini joto langu lipande bombani liende kwa ndege? Nikakizungusha chote mpaka kikagota.

Baada ya muda Yusta akasema, "Kichwa kinaniuma. Ngoja nitoke nipate hewa kidogo."

"Hewa ya wapi?" nikasema. "Ya ng'ambo?"

Akaweka sindano mapajani. "Baba Jackline, kichwa kinaniuma."

"Siku zote ulizokaa kule hakikuuma. Leo umekaa kwako, ndio kinauma."

Aliokota sindano zake akaendelea kufuma, na nilimwona anakosa tundu, anarudia, anakosa tena. Hata mimi kichwa kilikuwa kinagonga, lakini nilijua changu ni cha hasira. Kidogo sweta likamteleza na kichwa kikaegemea bega. Amesinzia, nikajiambia, na Mungu anisamehe, nilifurahi. Kwa Clement hajawahi kusinzia.

Mlango uligongwa mara mbili kisha ukasukumwa. Alikuwa Clement. Nilitaka kusimama nimuulize nani kamkaribisha, miguu ikakataa. Alikwenda moja kwa moja kwa mke wangu, akambeba mikononi kama mtu abebavyo mtoto, akatoka naye mbele ya macho yangu, nami sikuweza kuinua hata kidole. Halafu akarudi, akanishika ukosi wa koti na kuniburuta mpaka uani.

Kulikuwa na ukungu. Yusta alikuwa amelala ubavu kwenye majani, anatapika, na Clement amemshika kichwa. Nilitambaa nikafika pale nikamshika miguu, kwa kuwa upande wa kichwa palikuwa na mtu.

Hospitali walituwekea hewa ya mtungi. Muuguzi akauliza, "Mlikuwa na jiko la mkaa ndani?"

"Hapana," nikasema. Nikafikiri. "Ndiyo."

Kwa sababu ndicho nilichokuwa nimetengeneza. Makaa mekundu ndani ya chuma, bomba limefungwa, matundu yamezibwa. Jiko la mkaa kubwa kuliko yote Mafinga, na aliyeliwasha ni yule yule aliyelipiga marufuku.

Clement alikuwa amekaa kwenye benchi la wodi. "Ulijuaje?" nikamuuliza.

"Niliona moshi wenu umekatika. Moshi wa jiko haukatiki hivyo, Mwalimu, hufifia polepole. Nikajua mmefunga kibati."

Nikamshukuru. Nilimshukuru kwa moyo wote, maana bila yeye ningekuwa mgane au maiti. Lakini hata nikiwa nimemshika mkono, kitu kilikuwa kinanichoma. Mtu anayejua moshi wa nyumba yangu umekatika au umefifia, alikuwa amekaa wapi alasiri nzima, anatazama nini? Mimi najua. Mimi pia nina pazia.

Tuliporudi nyumbani Yusta alifumia nje siku mbili. Siku ya tatu akakaa mbele yangu.

"Nilikwambia kichwa kinaniuma."

"Uliniambia."

"Ukanijibu nini?"

Nikatazama jiko.

"Nenda kamwite Clement alifunge hilo jiko upya," akasema. "Au litoke ndani ya nyumba hii. Ukishindwa yote mawili, mimi naenda kwa Jackline Mbeya mpaka baridi iishe, na sijui kama nitarudi ikiisha."

Jackline ni binti yetu. Yusta hatishii bure. Nikavaa viatu nikavuka barabara.

Clement alifanya kazi siku mbili, mimi namshikia ngazi. Alilitanua lile tundu langu nadhifu la dari akaweka bati kuzunguka bomba, na akanionyesha ubao ulivyokuwa umeshaanza kuwa mweusi kwa moto wa siku moja. Alisogeza jiko mbali na pazia, akalitandikia matofali chini na mbele. Alitoa matambara yangu kwenye matundu, moja moja, akayaweka chini mbele yangu, na hapo nilimchukia zaidi kuliko siku zote. Kibati alikitoboa tundu kubwa katikati, hata mjinga akikifunga moshi upite. Akatwambia majivu yakae kwenye ndoo ya bati, nje, na bomba lisuguliwe ndani kila mwezi. Mwisho akaleta miwati yake mikavu, mzigo mkubwa, akaipanga ukutani kwangu. Mabanzi akanishauri niyaache yakauke hadi mwakani.

Tangu siku ile jiko langu linawaka bila kufuka. Saa tisa Yusta anavuta kiti chake, nami changu, na nimenunua mto. Siku nyingine hatuongei kitu, siku nyingine ananisimulia habari za shule zinazotaka masweta, nami nimejifunza kuuliza swali la pili. Akisema kichwa kinamuuma, nafungua mlango kabla hajamaliza. Nilikuwa nimeshinda, kwa kila namna mtu anavyoweza kushinda.

Isipokuwa niliendelea kuchungulia dirishani, kwa mazoea. Bomba la Clement halikuwa linatoa moshi. Siku ya kwanza nikadhani amesafiri, lakini mluzi wake niliusikia. Wiki ikaisha, na nyingine, na ile ndiyo ilikuwa wiki ya baridi kali kuliko zote, majani asubuhi yameganda.

"Clement hawashi jiko siku hizi," nikasema. "Labda kuni zilimwishia, alivyotuletea zile."

Yusta hakuinua macho kwenye sweta. "Kuni anazo mpaka mwakani."

"Sasa mbona hawashi?"

Alimaliza mstari mzima kwanza, akageuza sindano.

"Clement hajawahi kusikia baridi, Baba Jackline."

Nikabaki na kipande cha muwati mkononi. Mluzi, shati la mikono mifupi, saa tisa kasoro robo. Yule mtu alikuwa hajawahi kuwasha moto kwa ajili yake mwenyewe, na mke wangu alikuwa anajua.

Sikulala vizuri. Kutwa nzima iliyofuata nilizunguka uani nikigombana na kuku. Kisha, saa tisa kasoro robo, nikavuka barabara nikagonga mlango wake.

"Mwalimu. Jiko lina shida?"

"Jiko ni zima. Njoo ukae kwetu. Viti vipo."

Akafunga mlango wake, tukavuka pamoja. Yusta alipotuona tunaingia alishusha macho upesi kwenye nyuzi zake. Karibu na moto palikuwa na viti viwili, changu na cha mke wangu. Kiti cha Clement nilikiweka kule mlangoni, upande wa upepo. Si hasikii baridi.