Daftari la Kosgei

Naliaka hakumwamini Kosgei, na wala hakuficha. Mwanaume amezika mke Machi, Mei tayari anazunguka Bondeni na daftari, akiuliza wanawake wa watu damu yao ni aina gani na nambari ya simu ni ipi! Eti mkewe alifia uzazini kwa kukosa damu, sasa anakusanya watu wa kuitwa mwingine akikwama. Naliaka, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, hadithi hiyo haikumwingia. Siku moja alichungulia daftari: ukurasa wa kwanza una jina moja tu, la marehemu mkewe Jepkosgei, na chini yake hakuna kitu. Huyo ndiye aliyetolewa kafara, akawaambia wenzake sokoni, na sasa wanatafutwa wengine.

Nyumbani binti yake Edinah alikuwa na mimba ya miezi minane. Naliaka hangekaa tu. Akawafundisha wenzake wampe Kosgei majina ya uongo na nambari za uongo, wakacheka mpaka machozi. Kosgei aliandika yote na kumshukuru kila mmoja, na shukrani hiyo ikazidi kumtia Naliaka wasiwasi. Mtu gani hushukuru hivyo bure?

Juni, Edinah alijifungua salama hospitalini, lakini damu ikakataa kukoma. Daktari akasema damu ya akiba imekwisha, leteni watu haraka. Naliaka akiwa bado anazubaa, Kosgei huyo mlangoni, daftari kwapani. Amejuaje? Nani amemwita? Kumbe nesi ndiye aliyempigia simu.

Kosgei akaanza kupiga simu. Nambari ya kwanza haipo. Ya pili haipo. Ya tatu ikapokelewa na mzee fulani wa Kitale, amekasirika. Kidole kikazidi kushuka ukurasani. Naliaka akaona aibu.

"Ni mimi," akasema. "Ni mimi niliwaambia wakudanganye."

Alingoja matusi. Kosgei alifunga daftari tu.

"Unajua wanakouzia?"

"Najua."

"Basi kimbia, mama. Mimi naanza na damu yangu."

Alikimbia soko zima akiwaita kwa majina yao halisi. Saa nane wanawake kumi na mmoja walikuwa kwenye foleni ya kutoa damu, wengine bado na aproni za kuuzia mboga. Edinah akapona.

Jioni Naliaka, pamba ikiwa imebandikwa mkononi, aliomba daftari. Akauliza kwa nini chini ya Jepkosgei ni patupu.

"Hapo wangeandikwa waliompa damu," Kosgei akasema. "Hawakupatikana."

Naliaka alilia. Kisha akafungua ukurasa mpya, akaandika Edinah, na chini yake jina lake mwenyewe, na nambari ya simu ya kweli.