Safu ya Tathmini

Wino ulikuwa umeshakauka kwenye safu ya tathmini ya andalio la somo: "Wanafunzi wote wameelewa." Somo lenyewe lilikuwa bado halijafundishwa.

Mwalimu Duma, kama wanafunzi walivyombatiza kwa jinsi alivyozikimbilia mada za hesabu, aliikodolea macho sentensi hiyo kama mtu aliyemzika jirani yake akiwa bado anakohoa. Azimio la kazi, ile ratiba ya mada za muhula, lilitaka sasa wawe kwenye desimali. Darasa lilikuwa limenasa kwenye nusu, theluthi na robo kama gari kwenye tope. Na mkaguzi alikuwa ofisini kwa mkuu wa shule, akimalizia chai. Kalamu yake ndiyo ingeamua kama Duma anathibitishwa kazini au anafunga virago, yeye na mama yake na wadogo zake wanaokula kwa mshahara huo.

"Kaka, akijua nilipofika kweli, nimekwisha," alimwambia mwalimu wa taaluma.

"Basi asijue. Mdogo wangu, karatasi haina mdomo. Tathmini zote hapa tunazijaza Jumapili, na kandambili miguuni."

"Watoto je? Wao wana midomo."

"Wachague wale watatu wa mbele. Waliobaki waambie wafumbe."

Walicheka. Duma akawa wa kwanza kuacha.

Chuoni alifundishwa kupanga mada kwa kuanzia mwisho: kwanza umahiri ambao mtoto aondoke nao, kisha kipimo cha kuuthibitisha, ndipo shughuli za kumfikisha huko. Alipoanza kazi alipanga hivyo hivyo. Siku hizi alianza na kalenda, akamaliza na kalenda. Mtoto alidondoka njiani, na hakuna aliyegeuka kumwokota.

Kengele ikalia. Mkaguzi, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliketi dawati la nyuma na kulifungua andalio la somo. Duma akaandika ubaoni: DESIMALI. Chaki ikakatika.

"Mwalimu," alisema binti wa dirishani, yule asiyejua kunong'ona, "hizi si zinatoka kwenye zile robo ambazo hatujazielewa?"

Darasa likaguna. Wale watatu wa mbele wakanyoosha mikono juu, tayari kujibu swali ambalo halijaulizwa.

Kule nyuma, kidole cha mkaguzi kilikuwa kimesimama kwenye safu ya tathmini. Kudanganya au kukiri, Duma aliona njia zote mbili zinakwenda shimoni. Ila ile ya uongo ingewaburuza na watoto.

Akashika dasta, akafuta. Akaandika 1/3, na kando yake 1/4.

"Ipi kubwa?"

"Robo!" Nusura paa liruke.

"Kwa nini?"

"Nne si inaizidi tatu, mwalimu!" alijibu mmoja wa wale wa mbele, kifua mbele.

Duma akagawa karatasi, mbili mbili kila dawati. "Hii ni mikate. Mmoja kateni wa watu watatu, mwingine wa watu wanne. Halafu mniambie nani analala na njaa."

Karatasi zikachakarika. Kisha kutoka dirishani, "Aaa!" moja, ya mtu mmoja tu.

Mkaguzi akavaa miwani, akafungua kalamu. Duma hakuona alichoandika. Alikuwa amechuchumaa kwenye dawati la pili, mbele ya mtoto aliyekunja karatasi, akakunjua, akakunja tena. Naye Duma, mikono magotini, akimsubiri.