Mkia Alioubandika Mwenyewe

"Wote wanacho!" Bingwa alipiga meza kwa kiganja, vichupa vikaruka. "Kuku wote wa shangazi, wazima kwa wagonjwa. Hiki kirusi kipya!"

Jina la Bingwa alijipa mwenyewe. Pale maabara hakuna aliyemnyang'anya, maana hakuna aliyelitaka.

Mwenzake wa meza ya pili, mwanamke asiye na haraka, aliinamia kioo cha kompyuta. Herufi za vinasaba zilijaa tele. Kwenye vipande virefu, kuku mtupu. Kwenye vifupi, kuku aliishia njiani, kisha zikafuata herufi zile zile, kila mstari.

"Bingwa, vipande hivi uliviacha kwenye dawa ya kukatia muda gani?"

"Muda wake."

"Muda wake, au muda wa soga zako kwenye simu? Umekata mpaka vimekuwa chenga. Mashine imesoma kuku, kuku kaisha, yenyewe ikaendelea. Imesoma mkia wa herufi tuliobandika sisi ili kipande kishike mashineni."

"Wivu huo, dada."

"Haya. Fungua matokeo ya yale maji matupu tuliyopitisha mashineni pamoja na sampuli za kuku."

Alifungua. Herufi zile zile, tangu mwanzo wa mstari.

"Na maji nayo yanataga?"

Mtu ashone kiraka kwa mkono wake, halafu apige yowe kwamba nguo imeota ngozi! Ndiye Bingwa huyo, na koti lake jeupe lililopigwa pasi.

Ila asubuhi ile alikuwa ameshapiga simu nyumbani. "Chinja wote, choma, usibakize hata kifaranga," alimwambia shangazi yake, mjane aliyemlea kwa mayai ya kuku hao hao, na asiye na shamba wala duka.

Akapiga tena.

"Shangazi, umeshawachinja?"

"Si umesema wewe, msomi wetu? Nilitaka kukuuliza, ukanikatia."

"Basi, acha. Hawana kitu. Ni mkia tu, tuliubandika sisi huku."

"Mmebandika nyinyi, mkashtuka nyinyi, wakafa kuku wangu?"

"Shangazi, wamebaki wangapi?"

Shangazi aliiweka simu chini bila kuikata. Bingwa akaikandamiza sikioni. Kwa mbali alisikia moto ukialika, na ndoo ikiburutwa. Kisha, nyuma ya hayo yote, kuku akatetea, kama aliyetoka kutaga sasa hivi.