Tani Sita za Rangi

Nilikuwa nimebakiza miezi minne nistaafu, na nilitaka iishe kimya kimya. Kwa miaka thelathini na mmoja nimekaa kwenye ofisi ya michoro ya karakana ya meli hapa Santa Rufina, kando ya mto Ucayali, nikihesabu uzito wa kila kinachoingia kwenye manowari: bamba, bomba, injini, kitanda cha baharia, sufuria ya mpishi. Wachomeleaji wananiita Mama Mizani. Macho yamechoka, mgongo umechoka, na mwaka ule hata hasira zilikuwa zimenichoka zikaniacha.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa Tibe. Zilikuwa manowari ndogo tano za aina moja, zimepewa jina la yule ndege mweupe anayetaga kwenye michanga ya mto. Urefu mita thelathini na mbili, na chini zinazama pungufu ya mita moja, ili kiangazi zipite juu ya mafungu ya mchanga. Silaha nilizozihesabu mwanzoni zilikuwa za kiasi: mzinga mmoja wa milimita arobaini mbele, juu ya dari; rashasha mbili nzito ubavuni; mota moja ya kurushia makombora tezi, yaani nyuma. Chumba cha usukani kilizungushiwa bamba la kuzuia risasi ya bunduki, si zaidi ya hapo. Kwenye meli ya mto huwezi kuwa mkarimu. Kila kilo unayoipandisha juu inataka kuilaza meli ubavu.

Sasa nieleze habari ya rangi, maana ndiyo iliyonitoa jasho.

Katika orodha ya uzito ya kila meli niliyowahi kuihesabu upo mstari unaosema: Rangi, tani sita. Meli ya ukubwa ule haili hata tani moja ya rangi. Zile tano nyingine ni watu. Kanuni inasema manowari haibebi abiria, na makao makuu hawataki kuona abiria kwenye karatasi. Lakini manowari ikipanda mto mwezi mzima, kila kijiji kinasimama ukingoni na kupunga kitambaa, na hajazaliwa bado kamanda wa kuwapita. Anapakia mgonjwa, anapakia mwalimu, anapakia mama mwenye kuku saba na mikungu ya ndizi na magunia ya unga wa muhogo, na wote wanapanda darini kwa sababu chini kuna joto. Mkuu wangu wa kwanza aliliona hilo. Aliwaandika wale watu kama rangi, akaniachia mimi siri hiyo alipokufa. Kwa miaka yote hiyo hakuna meli yetu iliyopinduka, na hakuna aliyeuliza.

Akaja Injinia Barrenechea kutoka mji mkuu. Kijana wa miaka thelathini na minne, amesoma ng'ambo, mpole, shati limemganda mgongoni tangu saa mbili asubuhi. Wiki ya pili akaja mezani kwangu na orodha.

"Doña Nélida, samahani. Hii rangi. Sisi huku tunapaka kwa mwiko au?"

"Ni mazoea ya zamani, Injinia."

"Mazoea mazito hayo."

Akacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Akafuta sita, akaandika sehemu tisa ya kumi ya tani. Zile tani tano alizookoa akazipeleka kwenye mzinga. Wakubwa walikuwa wanautaka mzinga wa milimita sabini na sita, wenye uzito wa tani saba, na yeye sasa alikuwa na nafasi ya kuwapa. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Mwenye uongo nilikuwa mimi.

Ningesema siku ile. Sikusema. Nilijiambia mzinga hautafika, nikajiambia bajeti itakatwa, nikajiambia mambo mengi yanayosemwa na mtu anayehesabu miezi ya kustaafu. Mwezi Mei mzinga ukafika, ukakaa gatini umefunikwa turubai, na tarehe ya sherehe ikapangwa. Aliyeteuliwa kuiongoza Tibe ya kwanza alikuwa Luteni Wilder Shapiama. Wilder ni mwanangu wa ubatizo. Mimi ndiye niliyemshika juu ya maji pale kanisani, na mama yake alipofariki nilimlisha mezani kwangu miaka minne.

Siku ya kupima kama meli inasimama imara, tuliifungua kamba zilegee, tukaweka vipande vya zege juu ya sitaha, tukatundika timazi tatu za kamba, kila moja ncha yake ndani ya ndoo ya oili chafu ili isiyumbe. Kazi ni kuhamisha zege kutoka upande huu kwenda upande ule na kusoma timazi imesogea kiasi gani. Wakati huo hakuna anayetikisika. Hata kupiga chafya unaomba ruhusa. Don Teófilo, mkuu wa wachomeleaji, alikuwa amesimama karibu nami akinung'unika bila kufungua mdomo.

"Mama Mizani, mbona hiyo kamba inaenda mbali hivyo?"

"Nyamaza, unaharibu kipimo."

"Mimi nimenyamaza. Kamba ndiyo inaongea."

Ilikuwa inaongea kweli. Barrenechea alipiga hesabu pale pale, akaikagua mara mbili, akafurahi: meli itasimama imara, na kiasi kidogo kinabaki. Inatosha kwa mabaharia ishirini na wanane, mafuta na risasi. Nikamtazama Wilder. Alikuwa juu ya dari, kando ya mzinga mpya, anapima kwa hatua zake mahali pa kutundikia machela za kulalia abiria. Aliona haya nilipomwona, kama mtoto aliyekutwa na sukari.

Mficha uchi hazai. Nilimfuata Barrenechea ofisini, nikafunga mlango, nikamwambia yote: rangi ni nini, tangu lini, na itakuwaje watu hamsini wakipanda darini na ule mzinga uko pale pale. Nilimwonyesha kwa karatasi. Upepo mmoja wa mvua, kona moja ya kasi, wote wakikimbilia upande mmoja kuwapungia ndugu zao, basi. Inalala na haiamki.

Aliivuta karatasi karibu, akaipitia hadi chini.

"Miaka thelathini na mmoja," akasema.

"Ndiyo."

"Na mimi nikaja kuifuta kwa kalamu moja."

"Hukujua, Injinia. Ungejuaje?"

"Tukiongeza farumi, uzito wa kuituliza, chini kabisa?"

"Itazama zaidi. Mwezi wa nane itakaa juu ya mchanga."

"Kuushusha mzinga?"

Hakungoja nijibu. Aliinuka akatazama dirishani, pale walipokuwa wanasimika jukwaa la wageni. Mzinga umenunuliwa, umepigwa picha, umetangazwa. Yeye ni injinia wa mwaka wa kwanza kazini hapa. Sikumlaumu, nilikuwa nimechoka mno kumlaumu mtu.

"Uliyoniambia sitayaandika popote," akasema mwisho. "Utastaafu kwa heshima yako. Lakini abiria marufuku. Nitaweka bango, na amri itatoka leo hii."

Bango likawekwa, jekundu, kwenye ngazi ya dari. Jioni hiyo Wilder akaja nyumbani. Nilimpa wali na samaki wa kuchoma, hakula.

"Mama, umenifanya nini?"

"Nimekuokoa."

"Umeniokoa mimi, na wale? Nikifika Puerto Sanango wakanipungia, niwaambie nimebeba mzinga?"

"Waambie ukweli."

"Ukweli hautibu malaria. Mimi amri nimeisikia, na wewe unajua nitakachofanya. Kila mtu atafanya. Basi usinipe hotuba, nipe namba. Wangapi, bila kupinduka?"

Nilichukua penseli. Nilihesabu watu bila mizigo, wamekaa sitaha ya chini, hakuna anayepanda juu. Hesabu ilitoka kumi na tisa. Niliirudia, ikatoka kumi na tisa.

Sasa mimi ninawajua makamanda wa mto huu. Ukimwambia kumi na tisa atapakia ishirini na tano, kwa sababu wa ishirini ana mtoto mgongoni na wa ishirini na moja ni binamu wa mpishi. Ndivyo tulivyo. Namba kwetu ni mahali pa kuanzia kubembelezana. Niliyamaliza maisha yangu yote nikikata huku na kuongeza kule ili ubishi wa watu usiwaue.

"Kumi na wanne," nikamwambia.

"Tu?"

"Kumi na wanne, mwanangu. Wakae chini. Hata ndizi moja isipande darini."

Alirudia ile namba kwa sauti ya chini, akanibusu kichwani, akaenda zake.

Tibe ilipanda mto wiki tano. Mimi nilihesabu siku kama nilivyohesabu misumari. Kila mvua ya mchana ilinikuta dirishani. Iliporudi niliiona kutoka mbali inakuja imenyooka, mzinga mbele, bendera nyuma, na nilikaa chini palepale kwenye ngazi za karakana, nikalia kwa furaha mbele ya wachomeleaji bila haya yoyote. Don Teófilo alinipa kitambaa chake chenye masizi.

"Futa, Mama. Watadhani umeungua."

Wilder alikuja nyumbani kesho yake asubuhi. Alikuwa amekonda. Niliweka kahawa, akakishika kikombe bila kunywa.

"Nilifanya kama ulivyosema," akaanza. "Niliwahesabu mwenyewe, mlangoni, mmoja mmoja."

"Vizuri."

"Puerto Sanango nilifika na kumi na watatu. Palikuwa na watu arobaini ukingoni. Nikachukua mtoto aliyeungua kwa mafuta. Akawa wa kumi na nne. Palikuwa na dada mmoja, Zoila, mimba ya miezi minane. Alisema kichwa tu kinamuuma, na miguu imevimba. Amesimama mwenyewe, anacheka. Mume wake akaniambia, Luteni, mtu mmoja tu, hata hali chakula kingi. Mabaharia wangu wakaniambia, bosi, mmoja tu. Kila mtu akaniambia mmoja tu."

"Na wewe?"

"Nikawaambia namba ni kumi na nne. Nikamwambia asubiri boti la mizigo la Alhamisi." Alikizungusha kikombe. "Aliaga dunia Jumanne, mama. Kifafa cha mimba. Yeye na mtoto. Tuliposhuka tena wakatuonyesha kaburi. Mume wake hakunitukana. Ningependa anitukane."

Nilitazama mikono yangu. Katika miaka thelathini na mmoja sikuwahi kupata kamanda wa kutii namba yangu. Wote walibishana nayo, wote waliizidisha, na mimi nilijenga maisha yangu juu ya ubishi wao. Huyu mmoja niliyemlea mwenyewe ndiye aliyenisadiki. Zilibaki nafasi tano mle ndani, zilisafiri tupu wiki tano, na nilizificha mimi.

"Nataka kitu kimoja tu," akasema. "Uniambie kama injinia, si kama mama. Huyo wa kumi na tano, angetupindua?"

Nje Don Teófilo alikuwa anapita na baiskeli, akanisalimia, nikamwinulia mkono. Nilimwangalia Wilder usoni. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na Tibe nyingine nne zilikuwa bado hazijashushwa majini.

"Ndiyo," nikamwambia. "Angewapindua."

Akavuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu aingie. Akanishukuru, akainywa kahawa yake, na baadaye akaomba nyingine.