Kukagua Ngolo Mwezi wa Nane

"Sichomwi sindano huko," Mansuetus alisema akitafuta viatu vyake chini ya kitanda cha hospitali. "Picha imepigwa, damu inapita. Twende zetu nyumbani Mpepai, mama Kilian."

"Inapita ukiwa umepumzika," mkewe Bonifasia akajibu. "Shida yetu siyo wakati umepumzika."

Daktari Lusekelo, kijana wa Tukuyu aliyekwisha kumwamkia mgonjwa wake shikamoo mara mbili, alijifanya anafuta mashine. Mwaka wa pili sasa Mansuetus alikuwa akimgeuzia mkewe mgongo kitandani. Asubuhi aliapa kwamba asipopata jibu leo, anakunywa unga wa mganga wa Namswea. Bonifasia hakujua unga ule una nini. Alichojua ni kwamba mumewe anameza dawa za presha, na hivyo viwili vikikutana anaweza kubaki mjane.

"Hivi vipimo vinatofautianaje?" aliuliza.

"Bila sindano naona mishipa imetulia tu, mama. Sindano inasimamisha, halafu mashine inapima damu inaingia kwa nguvu gani, na kama inabaki ndani au inatoroka. Hospitali ya rufaa wana picha kubwa zaidi inayochora mishipa yote, lakini hiyo mara nyingi ni ya anayefikiriwa kupasuliwa."

"Kuingia na kubaki." Bonifasia alimgeukia mumewe. "Baba Kilian, shimo la ngolo la kukingia maji shambani likiwa kavu, unajuaje kama maji hayakufika au kingo zinavuja?"

"Nangoja mvua inyeshe, nikaangalie."

"Sasa hapa mbona unakagua mwezi wa nane, kiangazi kikavu?"

Mansuetus alikuna kidevu. Hakuna aliyekuwa amemweleza jambo hili kwa lugha ya shamba.

"Na ikisimama ikagoma kushuka?"

"Ikikaribia masaa manne unarudi mbio, mzee. Dawa ya kuishusha ninayo."

"Mbio hizo nitapitaje sokoni?"

Bonifasia alicheka mpaka akashika ukuta. Lusekelo hakucheka. "Na kama damu haiingii vizuri, nitapima na moyo. Mishipa hii ni myembamba, huanza kuziba mapema."

"Kumbe inaweza kuwa habari ya moyo?"

"Inaweza. Ndiyo maana nataka kuona."

Mansuetus aliviacha viatu, akapanda kitandani.

"Geuza hicho kioo cha mashine huku," alisema. "Kama panavuja, nataka kupaona mwenyewe."

Lusekelo akakigeuza, akachoma. Bonifasia akavuta kiti karibu, na wote watatu wakakodolea macho kioo.