Nyangumi Aliyekula Ng'ombe

Kazi ya Mizani ilikuwa kupima vitu ambavyo mtu mwingine angevipuliza akidhani ni vumbi. Alitoa kipande cha ngozi ya nyangumi kwenye friza, akakiosha mpaka mafuta yote yatoke, akakikausha, akakisaga kama ugoro. Unga kidogo aliutia kwenye kikombe cha bati kisichozidi punje ya mchele, akakikunja kwa kibano na kukiweka kwenye tundu lake la trei. Miaka kumi na tisa mkono wake haukuwahi kutetemeka. Ndiyo maana wakamwita Mizani.

Kutoka kwake trei ilikwenda kwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyeendesha mashine. Mashine ilichoma kila kikombe, kisha ikasema nyangumi huyo alikula nini miezi iliyopita. Siri yake si kubwa. Kila mlaji hubeba naitrojeni nzito kuliko kile anachokila, kwa hiyo anayekula uduvi namba yake ni ndogo, na anayekula samaki waliokula uduvi namba yake hupanda. Kaboni nayo husema chakula kilianzia wapi, baharini au nchi kavu. Mdomo hudanganya, ngozi haidanganyi. Wala nywele.

Hapo kwenye nywele ndipo Mizani alipojichongea.

Miezi sita nyuma, kidole gumba cha mguu wake kilivimba kwa jongo, akalia bila aibu. Tabibu akampiga marufuku nyama. Mkewe akaifukuza nyama nyumbani, na yeye mwenyewe akaapa kuiacha ili mumewe asitamani.

"Tutakula kunde pamoja, Baba Pacha, mpaka tuote majani," alisema.

Mizani naye akaapa. Kiapo kilidumu wiki tatu. Wiki ya nne alipita nyuma ya geti la kazini, kwa mchoma nyama, moshi ukamshika mkono ukamkalisha. Tangu hapo alikaa pale kila mchana.

Kisha udadisi ukamponza. Alitaka kujua kama nyama ile inaonekana. Sampuli ya nyangumi namba kumi na saba ilikuwa imeharibika, na tundu lake lilitakiwa liachwe wazi. Siku ya Jumanne akajikata nywele mbili tatu za kisogoni, akazisafisha kwa heshima zote, akazipima, akazitia humo. Mpango ulikuwa awahi asubuhi, asome namba yake, aifute, yaishe. Lakini hakumwambia shemeji kwamba kumi na saba ameharibika. Kwenye orodha ya shemeji, kumi na saba alikuwa bado nyangumi.

Asubuhi hakuwahi. Alipofika alimkuta Daktari, bosi wa maabara, mwanamke ambaye huwa hacheki kabla ya chai ya pili, anacheza katikati ya chumba na karatasi mkononi.

"Mizani, njoo uone! Wenzake wote wanakula uduvi. Huyu kumi na saba naitrojeni iko juu, halafu kaboni yake ni ya nyasi za nchi kavu. Nyasi! Huyu nyangumi anakula wapi?"

Mizani alijua anakula wapi. Nyuma ya geti, benchi la pili.

"Labda anashinda kwenye mdomo wa mto," shemeji alisema. "Au amemeza ng'ombe."

Wakacheka. Mizani naye akacheka, ila kwa meno tu.

"Saa tano nina kikao cha mtandaoni na watafiti wenzangu," Daktari alisema. "Nitaanza na huyu. Nimesubiri miaka mingapi nipate kitu kipya!"

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasoro dakika ishirini.

Mizani alirudi mezani kwake, akashika kibano, na kikombe kikamponyoka. Akinyamaza, Daktari atachekwa mbele ya watu wanaoijua kazi. Akisema, shemeji atasikia, na shemeji akisikia, dada yake ameshasikia. Alimfikiria mkewe akimeza kunde miezi sita kwa ajili yake. Akamfikiria na Daktari, aliyempa kazi bila cheti cha shule hata kimoja, akamwambia, "Mkono wako ndio cheti." Roho ikamsuta pande zote mbili.

Akainuka.

"Daktari, huyo si nyangumi."

"Ni nini?"

"Ni mimi."

Akaeleza yote, kuanzia tundu la wazi mpaka nywele za kisogoni. Shemeji aliichukua karatasi, akaisoma upya polepole.

"Ngoja kwanza. Kaboni ya nyasi. Naitrojeni hii... Shemeji, unakula nyama!"

"Kidogo tu."

"Kidogo? Shemeji, hii ni namba ya chui!"

Daktari alikaa kwenye kiti, akamtazama. Mizani akaanza kufungua vifungo vya koti lake jeupe, akijua kazi imeota mbawa. Ndipo alipoona mabega ya Daktari yanatikisika. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Ungenyamaza, ningekufukuza leo hii," alisema akifuta macho. "Futa hiyo namba kwa mkono wako, andika sampuli imeharibika. Na ufunge koti, kuna kazi."

"Akili ni nywele," shemeji alisema, simu tayari sikioni. "Zake zimejaa mishikaki. Haloo, dada?"

Jioni mkewe alimngoja mlangoni, mikono kiunoni.

"Karibu, nyangumi."

Alimsema mpaka kunde zikapoa mezani. Shemeji alikuwa amekuja kushuhudia, na hakuficha kwamba anafurahia.

"Nimekosa, mama," Mizani alisema mwishowe. "Kila mwezi nitampa mdogo wako unywele wangu aupime. Namba isiposhuka, nitalala kwa mchoma nyama."

"Hapo umesema," mkewe alijibu, uso ukalainika kidogo.

"Hata mimi nimeridhika," shemeji akadakia. "Na wewe, dada? Si mliapa wawili? Nipe wako mmoja nilinganishe."

Mkewe akakivuta kitambaa cha kichwa mpaka kwenye nyusi, akakikaza kwa fundo la pili.

"Kunde zinaungua," alisema, akakimbilia jikoni, na huko hakukuwa na moto.