Shusheni Sauti Kidogo

Kila jioni akirudi kutoka kazini, kabla hata ya kuchemsha chai, Vumilia hufuta nyuzi za gitaa lake la besi kwa kipande cha foronya kuukuu. Huanza na uzi mnene, ule uitwao E, akaenda hadi ulio mwembamba kuliko wote, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto vidole baada ya chakula. Jioni hiyo alikuwa amefika uzi wa tatu simu ilipolia. Alikuwa Anicet, mwalimu wa kwaya yao ya Kiswahili kanisani Tumba, pembezoni mwa Stockholm, mtu ambaye kwa kawaida hutuma ujumbe tu. Hakusalimia. Alisema Mama Spéciose ameacha kwaya.

Vumilia alikaa kitandani, foronya ingali mkononi. Anicet aliendelea kueleza kwa sauti ya mtu aliyeonewa. Mama amesema amechoka, basi, hakutoa sababu nyingine. Na wao wamekosa nini? Tangu Pasaka, kila mazoezi, mama alikuwa akiinua mkono katikati ya wimbo na kuwaomba, "Jamani, shusheni sauti kidogo," na kila alipoomba, Dominic wa kinanda alinyoosha mkono akapunguza spika. Walikuwa wameshusha mpaka waumini wa viti vya nyuma wakaanza kulalamika.

"Sasa nishushe nini tena?" Anicet aliuliza. "Imebaki tuimbe kwa kunong'ona, kama wezi."

Kisha, kwa upole wa mtu anayejua kwamba anachoma, akasema labda ni besi. Besi hata ikipigwa kidogo hupenya, humgonga mtu kifuani, na Mama Spéciose husimama mbele kabisa ya spika ya Vumilia. Alisema pia kwamba kama mama hatarudi, wimbo wa ibada ya shukrani atauanzisha Dativa, mwimbaji mwenzao.

Simu ilipokatika, uzi wa nne ulibaki bila kufutwa.

Vumilia alimfahamu Mama Spéciose kwa sauti kabla ya kumfahamu kwa jina. Alikuwa amefika Stockholm kusoma shahada ya pili, mgeni wa baridi na wa watu, naye Jumapili moja alijikunja kwenye benchi la nyuma la kanisa kwa nia ya kuondoka kabla mtu hajamuuliza anatoka wapi. Mbele akasimama mwanamke mfupi kutoka Bujumbura, mpishi katika nyumba ya kutunzia wazee, akaanza kuimba. Waimbaji wengi hufumba macho. Yeye aliimba macho wazi, akimtazama mtu mmoja mmoja kama anayegawa chakula na hataki yeyote akose. Alipofika benchi la nyuma, Vumilia alijikuta ameketi wima. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amenunua gitaa la besi la mtumba na kujifunza kulipiga. Wenzake walidhani anapenda muziki. Kweli aliupenda, lakini zaidi ya hapo alitaka mahali pa kusimama karibu na sauti ile bila kulazimika kufungua mdomo.

Wimbo ambao sasa ungepewa Dativa ulianza na wao wawili tu. Vumilia hupiga uzi mnene ukiwa wazi, haujashikwa na kidole, uvume peke yake. Juu ya mvumo huo Mama Spéciose huingia, ndipo wengine wafuate. Dativa angeuimba vizuri na bila kosa. Lakini Vumilia hakuweza kufikiria uzi ule ukivuma halafu aje mtu mwingine. Na wazo kwamba ni yeye, kwa vidole vyake, aliyemfukuza mama yule kwa kelele, halikumtoka usiku kucha.

Kesho yake alikwenda Södermalm, kwenye duka la magitaa. Ndani ya treni alipanga sentensi zake za Kiswidi moja baada ya nyingine. Alitaka nyuzi za sauti ya upole, zisizogonga. Muuzaji aliitwa Jonas, mwanamume wa makamo mwenye ncha za vidole zilizoota sugu. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo Vumilia si mara nyingi alilipata kwa Kiswidi chake. Alipomaliza kueleza kwamba mwimbaji wao kila mara huomba washushe, Jonas akauliza: kushusha vipi? Kupunguza kelele, au kulegeza nyuzi ili wimbo wote uteremke?

Alitumia maneno mawili tofauti kabisa. Vumilia alibaki ameshika kaunta.

Kwa Kiswahili neno lilikuwa moja. Sauti ni ya spika na ni ya koo. Unaishusha ukizungusha kitufe, na unaishusha wimbo ukikushinda kwa kupanda juu. Miezi yote ile mama alikuwa ameomba kitu, na kwaya nzima, watu wanaompenda, ikampa kingine. Vumilia aliukumbuka mkono wa mama yule: haukuwahi kwenda masikioni. Ulikuwa ukigusa shingo, kila mara pale pale, mahali wimbo unapopanda. Na jikoni mwa kanisa, akiosha vikombe baada ya mazoezi, alikuwa akiuimba wimbo uleule polepole, chini kidogo, kwa raha.

Chini kiasi gani? Jonas alihitaji kujua hilo kabla ya kumuuzia chochote. Nyuzi za Vumilia, alieleza, ni nyepesi, arobaini na tano kwenda mia moja. Ndivyo unene wake unavyohesabiwa, kwa sehemu za elfu za inchi. Ukizilegeza hivyo hivyo, zitapoteza mkazo, zitayumba kama kamba ya kuanikia nguo na kukwaruza vyuma vya shingoni mwa gitaa. Uzi unaoshuka lazima uwe mnene zaidi, ili uzito ushike nafasi ya mkazo. Kama ni ule mnene peke yake unaoshushwa toni moja, yaani hatua moja ya sauti, ubadilishwe huo tu, uwekwe wa mia moja na kumi. Kama zote nne zinashuka pamoja, inafaa seti nzima, hamsini kwenda mia moja na kumi. Na kama zinashuka zaidi, mpaka C, ni mia moja na ishirini au zaidi, na hapo hata mfereji wa uzi pale juu ya shingo lazima upanuliwe kwa tupa.

"Wengine huchukua nene kuliko zote kwa sababu ni nene kuliko zote," Jonas alisema. "Mimi huuliza wimbo unakaa wapi."

Duka lilikuwa na watu. Vijana wawili walikuwa wakijaribu ngoma pembeni. Vumilia, ambaye hata kwenye kwaya alishukuru kupewa gitaa badala ya kipaza sauti, alitazama chini, akafumba macho, akaanza kuuimba wimbo kwa mdomo uliofumbwa, jinsi alivyousikia jikoni, vikombe vikigongana. Kisha akasikia besi. Jonas alikuwa ameshusha gitaa moja ukutani na kulilegeza. Alikuwa akimfuata pole pole, kwa adabu kubwa, mpaka wakakutana. Ilikuwa D. Toni moja chini ya E.

Jonas aliuliza ni nani anayeimba hivyo. Vumilia alisema ni mama yao mmoja.

Alimpa magitaa mawili ajaribu. La kwanza lilikuwa na nyuzi za mia moja na ishirini; zilimpinga vidole kama waya wa uzio. La pili lilikuwa na seti ya hamsini, zote zimeshushwa toni moja. Lile lilikubali kuguswa kisha likasimama imara, halikuyumba wala halikushupaa. Vumilia aliurudia uzi mnene mara kadhaa. Ulikuwa na kitu alichokijua kwa mwanamke yule: uzito usiomlemea mtu. Angeweza kubadilisha uzi mmoja tu, lakini alitaka nyuzi zote zishuke pamoja, ili vidole vyake vikute kila kitu mahali palepale. Alichukua seti ya hamsini.

Jumamosi asubuhi alilivika gitaa nyuzi mpya, moja moja, kama Jonas alivyomwelekeza, ili shingo isishtuke kwa kuachiwa mkazo wote kwa pamoja. Kisha alipanda treni, akabadilisha nyingine Älvsjö, akashuka Jordbro, kitongoji anakoishi mama. Hakupiga simu kwanza. Aliogopa kuambiwa asije.

Mama Spéciose alifungua mlango akiwa na kitenge kiunoni na unga viganjani. Vumilia alimwamkia shikamoo, naye akajibu "Asante," kama ajibuvyo siku zote, maana kwao Bujumbura salamu hiyo haipo na Watanzania wa kwaya wamekwisha kata tamaa ya kumfundisha. Aliutazama mfuko mrefu mweusi mgongoni mwa mgeni wake.

"Na hilo jeneza ni la nani?"

"La kwangu, mama."

"Basi liingize. Nisije nikaulizwa na majirani."

Alimwekea chai na maandazi. Alimuuliza kuhusu kazi, kuhusu wazazi, kuhusu kukonda kwake. Kuhusu kwaya hakuuliza. Vumilia alijibu yote, huku yale aliyoyapanga ndani ya treni yakimtoka akilini moja moja, mpaka hakubakiwa na hata sentensi ya kuanzia. Ndipo akatoa gitaa.

Hakuwa na spika. Alisogeza kiti, akakiegemeza kichwa cha gitaa kwenye mlango wa kabati la vyombo, na kabati likawa spika. Alipiga uzi mnene ukiwa wazi. Mvumo ulipita kwenye mbao, ukaingia mezani, na vijiko vikatetemeka kidogo ndani ya visahani. Mama Spéciose, aliyekuwa akimimina chai, aliinua birika na kulishikilia hewani.

"Hapo si pale tunapoanzia," alisema.

"Hapana, mama. Ni chini yake."

Vumilia aliupiga tena.

"Mama, ulipokuwa unatuambia tushushe sauti. Ulikuwa unasema spika, au wimbo?"

Birika lilirudi mezani taratibu. Mama Spéciose alipangusa viganja kwenye kitenge, kimoja, kisha kingine, ingawa unga ulikuwa umekwisha toka.

"Wimbo," alisema. "Tangu mwanzo nilisema wimbo. Dominic akishika kile kitufe chake, najiambia, mazoezi yajayo nitawaeleza vizuri. Halafu naona haya. Nitasemaje? Kwamba pale juu sifiki tena? Anicet angenikumbatia, angenipa pole, na wimbo angempa Dativa."

Aliketi. Mkono wake ulipanda shingoni, ukatulia hapo.

"Nilimwambia nimechoka. Sijachoka, Vumilia. Nataka kuimba."